Tishari Likiharibika Mtoni, Tagi Inalipa?

Wenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, hunijia na hoja ileile: nilitoa tishari zima, nimerudishiwa lina tundu, basi mwenye tagi, ile boti yenye injini inayolivuta au kulisukuma, alipe. Ingekuwa amana, kama nguo kwa dobi, hoja hiyo ingekuwa na nguvu. Ila kwa sheria ya bahari ya Marekani, ambayo hutawala pia mito kama Mississippi, anayevuta si mtunza amana wala kampuni ya bima. Mahakama ya Juu ilikata shauri hilo mwaka 1932, katika kesi ya Stevens na tagi White City: anayedai ndiye athibitishe uzembe. Nahodha anadaiwa uangalifu na ustadi wa baharia makini, basi.

Mambo hugeuka tishari likigonga kitu kilichosimama, mathalani nguzo ya daraja. Tishari halina injini wala usukani, na nguzo haihami. Hapo mahakama huanza kwa kudhani kuwa tagi ina kosa, na ni juu yake kujitetea. Ndipo huwa naomba daftari la safari: maji yalikuwa yamejaa kiasi gani? Mkondo ulikuwa unasukuma upande gani? Kwa nini msafara wa matishari haukugawanywa ukapitishwa darajani kwa awamu? Katika sehemu ya kusini ya mto Mississippi tagi moja husukuma matishari 30 au zaidi, na msafara kama huo ukiteremka na maji hausimami kwa amri.

Mwenye tishari naye ana lake: chombo kiwe kinafaa kusafiri. Mabati yaliyoliwa na kutu yakipasuka kwenye maji matulivu, asimtazame nahodha. Lakini nahodha akiona tishari limeinama na bado akaendelea, naye ameingia kosani. Tangu 1975 hasara hugawanywa kwa kadiri ya kosa la kila upande. Zamani ilikatwa nusu kwa nusu, utaratibu ambao kwangu ulikuwa uvivu mtupu.

Na kile kifungu cha mkataba kisemacho “hatari zote ni za mwenye tishari”? Katika kesi ya Bisso, 1955, tishari la mafuta liligonga nguzo ya daraja likazama, na Mahakama ya Juu ikakataa kifungu kimwokoe mvutaji na uzembe wake. Siku hizi wajanja hupitia kwenye bima: kila upande unakata yake na bima zinakubali kutodaiana. Mahakama za rufaa zimewahi kuikubali mipango ya aina hiyo, kwa hiyo nikipewa mkataba huanza na ukurasa wa bima.