Sindano nyembamba haitoshi kwa kila tezi

"Daktari, sindano nyembamba walishanichoma kwenye mtoki, yaani tezi ya limfu, majibu yakasema tezi za kawaida. Nikatwe tezi nzima ya nini?" Hapa Dar es Salaam swali hili nalisikia mno, hata kwa madaktari wenzangu, na limenichosha.

Dhana: sindano ikikosa saratani, haipo.

Inategemea ni saratani gani. Chukua limfoma (saratani ya seli za kinga kwenye tezi) iitwayo limfoma ya seli T ya angioimunoblasti. Ni adimu, na seli zake za saratani mara nyingi ni chache, zimezongwa na seli nyingine za kinga: seli za plasma, eosinofili na seli B kubwa ambazo aghalabu zina virusi vya Epstein-Barr. Sindano huvuta mchanganyiko huo bila mpangilio wake, ukafanana kabisa na tezi inayopambana na maambukizi. Hata ilipoelezwa mwaka 1974, ilidhaniwa ni kinga ya mwili iliyopitiliza, si saratani.

Mimi, daktari wa patholojia ninayesoma vinyama hivi, nahitaji tezi nzima. Kwenye hadubini, mpangilio wake wa kawaida umefutika. Mishipa midogo ya damu imeongezeka na kuchanua kama matawi ya mti, na kandokando yake wamejikusanya seli zenye saitoplazimu nyeupe, angavu. Nikipaka CD21, kipimo cha rangi kinachotambua protini ya seli, mtandao wa seli za dendriti (seli za kinga zenye matawi) unatokea umetanuka nje ya folikuli, vile vijiduara vya seli B, umeikumbatia ile mishipa. Seli angavu nazo hushika rangi nyingine za aina hiyo: CD4, PD-1, na mara nyingi CD10. Tone la sindano nyembamba halinionyeshi nani kakaa wapi, na jibu liko hapo hapo.

Dhana: kisu huamsha saratani. Hapana. Kutoa tezi hakusambazi limfoma. Limfoma hii ya angioimunoblasti kwa kawaida hugundulika ikiwa imeshaingia tezi nyingi.

Dhana: mitoki, homa na kukonda ni TB. TB ni nyingi kwetu, itafutwe. Lakini mgonjwa aliyemeza dawa za TB bila TB kuthibitishwa, na tezi hazinywei, ana nini cha kungoja? Akiwa na vipele na muwasho, ndiyo kabisa.

Dhana: aanze prednisolone, dawa ya steroidi, kipimo baadaye. Hili silivumilii. Tezi hunywea kwa muda, na kinyama kinachonifikia kimeshaharibika. Biopsi, yaani kutoa tezi ipimwe, kwanza!

Na wanaotoa tezi, nawasihi: chagueni iliyo kubwa, ya shingoni kabla ya kinena. Ipasueni, iingie papo hapo kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake, kwenye kopo la mdomo mpana. Isiwekwe kwenye spiriti, wala isilale kwenye maji ya chumvi hadi Jumatatu.