Hati za Chillon: uzushi wa sumu visimani ulivyowaua Wayahudi wa Ulaya, 1348–1349

Mauaji ya Wayahudi wakati wa Tauni Kuu huelezwa kama hasira za umati: watu wamefiwa, wamechanganyikiwa, wakawageukia jirani zao. Maelezo hayo hayatoshi, na kwa miji mingi ya bonde la mto Rhine si sahihi. Andika tarehe mbili kwa kila mji, siku Wayahudi walipouawa na wakati tauni ilipoingia, kisha uzilinganishe. Basel waliwachoma tarehe 16 Januari 1349, ndani ya jengo la mbao lililojengwa makusudi kwenye kisiwa cha mto. Strasbourg waliwachoma tarehe 14 Februari. Miji yote miwili ilikuwa bado haijapata tauni. Iliwafikia miezi kadhaa baadaye. Kilichotangulia kufika ni barua, na barua hizo zilikuwa na muhuri, tarehe na maungamo yaliyonakiliwa na makarani.

Uzushi wenyewe haukuzaliwa na tauni. Mwaka 1321 huko Ufaransa wenye ukoma walishtakiwa kwamba wanatia sumu visimani, na punde Wayahudi wakaunganishwa na shtaka hilo kama wenye fedha na hila nyuma yao, pamoja na mfalme Mwislamu wa Granada. Watu walichomwa moto kwa shtaka hilo miaka 26 kabla ya tauni kutua Marseille. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, kisa kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni ushahidi.

Ushahidi huo ulitengenezwa Savoy, dola ndogo ya wakati ule kwenye milima ya Alps. Kabla ya hapo palikuwa na mashambulizi ya kweli ya umati, kama Toulon katikati ya Aprili 1348, ambako Wayahudi 40 waliuawa usiku, na baadaye Barcelona na Tàrrega. Lakini mashambulizi hayo hayakuacha kitu ambacho mji mwingine ungeweza kukisoma. Savoy waliacha mafaili.

Chukua hati ya Balavigny, tabibu mpasuaji Myahudi wa Thonon, aliyekamatwa Chillon, ngome iliyo ukingoni mwa Ziwa Geneva, Septemba 1348. Hati inasema aliteswa kwa muda mfupi, akashushwa, na baada ya kusitasita sana akakiri. Alisema kwamba yapata wiki kumi nyuma rabi aitwaye Jacob, mtu wa Toledo aliyekuwa akikaa Chambéry, alimtumia sumu kwa mkono wa kijana Myahudi. Ilikuwa ya unga, ndani ya kifuko chembamba cha ngozi, nacho kifuko kimewekwa ndani ya ganda la yai. Barua iliyofuatana nayo ilimwamuru aitie kwenye visima vikubwa vya mji, ama sivyo atatengwa na jamii yake. Kisha wakampeleka kwenye chemchemi ya Clarens, na hapo kikapatikana kipande cha kitambaa, naye akakiri kwamba ndicho kilichofungiwa sumu.

Mtaalamu wa hati huisoma kwa kuuliza maswali ya kawaida kabisa.

La kwanza ni kalenda. Wiki kumi kabla ya katikati ya Septemba ni mwanzoni mwa Julai 1348. Tauni ilikuwa Messina Oktoba 1347 na Marseille kabla mwaka huo haujaisha. Yaani sumu inayodaiwa kuanzisha ugonjwa inatoka Chambéry zaidi ya nusu mwaka baada ya Provence, jimbo la Marseille, kuanza kuzika watu wake. Majaji walikuwa na habari hizo, kwa kuwa ndizo zilizowatia hofu.

La pili ni kipimo. Kisima chenye upana wa mita moja na nusu na maji ya kina cha mita tatu kina zaidi ya lita 5,000. Ujazo wa ganda la yai, ndani ya maji yanayochotwa mchana kutwa na kujazwa upya na ardhi, hauwezi kuangamiza mji. Chemchemi inayotiririka ndiyo kabisa. Hata tukikubali kwamba sumu ilikuwa kali kupindukia, hakuna sumu ya kunywa inayotoa mitoki. Tauni huleta uvimbe wa tezi kwenye kinena, kwapa na shingo kwa sababu bakteria wake huingia kwa kuumwa na kiroboto na kukimbilia tezi iliyo karibu. Waganga wa wakati ule hawakujua habari za bakteria, lakini uvimbe waliuona kwa macho.

La tatu ni kitambaa. Mahali watu wanapoteka maji na kufua hapakosi matambara. Mshtakiwa anaonyeshwa tambara, anaulizwa kama ni lenyewe, naye anajua kitakachofuata akikana. Mbele ya mahakama ya wakati ule, ungamo likiongezewa kitu kinachoshikika mkononi lilihesabiwa kuwa ushahidi kamili. Desturi ya sheria iliongeza hatua moja: aliyekiri kwa mateso alitakiwa kurudia maneno yake baadaye, nje ya chumba cha mateso, ili yaandikwe kuwa ya hiari. Akikataa, anarudishwa kule kule. Ukikuta katika hati kama hizi maneno ya kwamba mtu alikiri bila kuteswa, soma ukurasa uliotangulia.

Maungamo ya Savoy pia yanafanana mno. Agimet wa Geneva, aliyehojiwa Oktoba, naye ana kifuko cha ngozi kilichoshonwa, naye kapewa na rabi wa Chambéry. Yeye ni mfanyabiashara aliyekwenda Venice kununua hariri, kwa hiyo sumu yake inasafiri hadi Venice, Calabria, Apulia na Toulouse. Kila mshtakiwa anajaza fomu ileile kwa habari za kazi yake. Hiyo ni alama ya maswali yaliyoandaliwa: aliyehoji analeta kisa, aliyeteswa anatia majina na mahali. Lililo baya kuliko yote ni dai lililoingizwa humo kwamba Wayahudi wote kuanzia umri wa miaka saba walijua njama hiyo. Sentensi hiyo moja iligeuza kesi ya watu wachache kuwa hukumu ya jamii nzima, pamoja na watoto.

Nakala zikapelekwa. Mkuu wa ngome ya Chillon aliutumia mji wa Strasbourg maungamo, na miji mingine ikaandikiana. Baraza la Cologne liliwaandikia Strasbourg tarehe 12 Januari 1349 likiwasihi wasiruhusu Wayahudi wao kushambuliwa, maana fujo ya namna hiyo ikishaanza huwageukia watawala wenyewe. Mapema mwaka huohuo palifanyika mkutano Benfeld, askofu wa Strasbourg na mabwana wa Alsace, jimbo la mji huo, wakiwamo. Wajumbe wa Strasbourg walisema hawajui ubaya wowote wa Wayahudi wao. Wakaulizwa: kama ni hivyo, mbona mmefunika visima vyenu na kuondoa ndoo? Hawakuwa na jibu. Tahadhari yao wenyewe ilikuwa imegeuzwa kuwa ushahidi.

Peter Swarber na wenzake wawili waliouongoza mji waliendelea kukataa. Kabla ya katikati ya Februari vyama vya mafundi vikawaondoa madarakani, wachinjaji wakiwa mbele, na baraza jipya likafanya kilichotakiwa. Siku ya Jumamosi Wayahudi walipelekwa makaburini kwao na kuchomwa juu ya jukwaa la mbao. Mwandishi wa kumbukumbu za mji, Jakob Twinger von Königshofen, anataja watu wapatao 2,000; wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni kubwa mno, na mimi nakubaliana nao. Waliokubali ubatizo waliachwa, na watoto wengine walichukuliwa na kubatizwa wazazi wao wakipinga. Kisha rehani na hati za madeni zikarudishwa kwa waliokopa, na fedha taslimu zikagawiwa mafundi. Königshofen anaandika wazi kwamba mali ndiyo sumu iliyowaua: wangekuwa maskini, na mabwana wasingekuwa na madeni kwao, wasingechomwa.

Nalichukulia neno lake kwa uzito kwa sababu hesabu za watawala wa juu zaidi zinalithibitisha. Kisheria Wayahudi wa dola ya Ujerumani walikuwa mali ya hazina ya mfalme, wakilipa kodi kwa ajili ya ulinzi. Mfalme Karl IV aliuuza ulinzi huo. Juni 1349 aliwaweka Wayahudi wa Frankfurt rehani kwa mji kwa pauni 15,200 za heller (sarafu ndogo za wakati ule), na mkataba ukaeleza kwamba wakiuawa, mji hautadaiwa. Tarehe 24 Julai waliuawa. Novemba akaruhusu nyumba za Wayahudi wa Nuremberg na sinagogi lao vibomolewe, kwenye kiwanja ambacho leo ni soko kuu na kanisa la Frauenkirche. Tarehe 5 Desemba waliuawa watu wasiopungua 562. Kibali cha kiwanja kilitoka kabla ya maiti.

Wala si kweli kwamba hakuna aliyejua kuwa shtaka ni la uongo. Papa Clement VI, akiwa Avignon, alitoa waraka Julai 1348 na mwingine tarehe 26 Septemba. Wa pili una hoja ambayo mtu yeyote angeweza kuipima: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, na tauni imefika pasipo na Myahudi hata mmoja. Konrad wa Megenberg, msomi Mjerumani, aliandika kwamba Wayahudi wa Vienna walikufa wengi hata wakalazimika kununua nyumba mbili ili kupanua makaburi.

Habari hii ya Vienna inajibu pia kisa kinachorudiwa hadi leo, kwamba Wayahudi walishukiwa kwa sababu walikufa wachache kutokana na kunawa mikono. Hakuna kumbukumbu madhubuti ya wakati ule inayoonyesha tofauti hiyo, na kiroboto hazuiwi na kunawa kabla ya chakula. Kisa hicho husimuliwa kwa nia njema, lakini kinawapa wauaji sababu yenye mantiki ambayo hawakuwa nayo.

Tauni peke yake, basi, haizai mauaji. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Damascus mwaka 1348. Anasimulia kwamba watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa miguu kuomba, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wake kwa waume. Ugonjwa ulikuwa uleule, na vifo vilikuwa vingi.

Hata ndani ya Ujerumani, mji wa Regensburg ulichukua njia nyingine. Mwaka 1349 raia 237 walijifunga kwa hati kwamba watawalinda Wayahudi wao, na baraza likasimama upande huohuo, kwa hiyo nakala za maungamo hazikupata wa kuzitekeleza. Jumuiya hiyo ilipona. Ilidumu hadi Februari 1519, wiki chache baada ya kifo cha Kaisari Maximilian I aliyekuwa akiwazuia wakuu wa mji; wakuu haohao wakaifukuza na kubomoa sinagogi.