Figo humwaga vyote, kisha hurudisha vya maana

Kiuno kinaniuma. Ni figo?

Huenda siyo. Figo zimekaa juu ya hapo unapofungia mkanda, nyuma, zikijificha kwa sehemu chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja ina ukubwa wa ngumi hivi. Ya kulia iko chini kidogo kwa kuwa juu yake kuna ini. Maumivu ya kiuno mara nyingi ni ya misuli tu.

Figo ni chujio, kama la chai?

Tumefundishwa hivyo shuleni, lakini mfano huo unapotosha. Chujio la chai hushika majani na kupitisha chai. Kila figo ina vichujio vidogo mno, nefroni, kama milioni 1. Damu ikisukumwa humo, hupenya maji, chumvi, sukari na taka, vyote kwa pamoja. Hubaki chembe za damu na protini, ambazo ni kubwa mno kupita. Kwa siku hupenya lita 180 hivi. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, kwa hiyo maji yaleyale huchujwa tena na tena. Yangekuwa yanatoka moja kwa moja, majimaji ya damu yangekwisha ndani ya nusu saa.

Kinachotuokoa ni kijimrija kinachofuata kila kichujio. Umewahi kumwona mama anayetafuta ufunguo? Humwaga mkoba mzima kitandani. Kisha anarudisha simu, pesa na kitambulisho. Risiti kuukuu na maganda ya peremende anayaacha palepale. Kijimrija nacho hurudisha kwenye damu sukari, chumvi inayotakiwa na karibu asilimia 99 ya maji. Kinachoachwa, yaani taka kama urea na kreatinini pamoja na vilivyozidi, huteremka hadi kwenye kibofu. Huo ndio mkojo, lita 1 hadi 2 kwa siku.

Mbona mkojo wa mwenye kisukari huvuta sisimizi?

Sukari imezidi kwenye damu kuliko vijimrija vinavyoweza kurudisha, basi nyingine inatoka. Ikitoka huvuta maji, ndiyo maana mgonjwa huamka usiku mara kwa mara kukojoa, na kiu haimwishi.

Nikishinda juani mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Nimeumwa?

Ukishakunywa maji ukarudi kuwa wa njano hafifu, hapana. Ubongo ulitoa homoni ya kuziambia figo zibane maji, taka zikatoka kwenye maji machache.

Na kinyesi, si taka za mwili pia?

Sehemu kubwa ni mabaki ya chakula ambayo hayakuingia kwenye damu kamwe. Rangi yake ya kahawia, hata hivyo, hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa, ambayo ini huyatoa kupitia nyongo. Hewa chafu ya kaboni hutolewa na mapafu.

Kwa nini mgonjwa wa figo huishiwa damu?

Swali zuri. Figo hutoa homoni inayoamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Zikichoka, amri hupungua. Mashine ya kusafisha damu haitoi homoni hiyo, hivyo wengi huhitaji kuichomwa sindano.

Basi nikinywa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya kiuno, nazilinda figo?

Unaziumiza. Dawa za aina hiyo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hasa kwa mzee, mwenye presha au aliyepungukiwa maji. Figo inayoharibika polepole kwa kawaida haiumi. Mtu huja kushtuka miguu imevimba au mkojo unatoa povu lisiloisha. Omba kipimo cha kreatinini kwenye damu na cha protini kwenye mkojo. Mwenye presha au kisukari apime walau mara 1 kwa mwaka, hata kama kiuno chake hakina neno.