“Namwagilia kila siku, mbona inakauka?” Dhana potofu za kiangazi

“Bwana shamba, mimi maji natoa kila siku, asubuhi na jioni, na bado nyasi zinaungua.” Ikifika Julai maneno haya huanza kunifikia, na hadi Septemba ninakuwa nimeyasikia Dodoma, Morogoro, Kigamboni na Arusha, kwa wenye nyumba za bustani kubwa na kwa akina mama wenye matuta mawili ya mchicha. Wote huyasema kama utetezi: wao wametimiza wajibu, sasa kosa litafutwe kwenye mbegu, kwenye mbolea au kwa aliyewauzia miche. Naomba safari hii tuizungumze vizuri hiyo “kila siku”, maana ndiko tatizo lilikolala.

Dhana: kumwagilia kidogo kidogo kila siku ndiko kutunza

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Bustani ya mita 5 kwa 10 ina mita za mraba 50. Ukiinyunyizia ndoo mbili za lita 20, umetoa lita 40, yaani hujafikisha hata milimita 1. Kwa jua na upepo wa Dodoma mwezi Septemba, udongo na mimea kwa pamoja vinaweza kupoteza milimita 5 au zaidi kwa siku moja. Maji yako yameruka hewani kabla ya saa sita mchana, na hayakuwahi kushuka chini zaidi ya kina cha kucha.

Sasa fikiria mizizi. Mizizi hukua palipo na unyevu. Ukilowesha sentimita mbili za juu kila siku, unaifundisha ibaki hapo hapo juu, mahali panapopata joto kali kuliko pote ardhini. Siku bomba likikatika, au ukaenda msibani ukakaa siku tatu, bustani yote inalala. Jirani anayemwagilia mara moja kwa wiki, lakini kwa kushibisha, hana wasiwasi huo, kwa sababu nyasi zake zimeshusha mizizi hadi kwenye udongo ambao jua haliufikii upesi.

Ninachotaka ufanye ni hiki: mwagilia kwa kina, kisha acha. Lita 20 kwa mita moja ya mraba, zikimwagwa taratibu, hushuka takriban sentimita 25 kwenye kichanga, na nusu ya hapo au pungufu kwenye mfinyanzi. Kichanga hupokea haraka na kupoteza haraka, kwa hiyo mtu wa Kigamboni atarudia baada ya siku mbili tatu. Mwenye mfinyanzi mweusi anaweza kukaa wiki nzima, ila amwage polepole, la sivyo maji yatatiririka barabarani.

Usikubali kwa maneno yangu tu. Chukua kipande cha nondo nyembamba, uchomeke ardhini saa moja baada ya kumwagilia. Kwenye tifutifu au mfinyanzi nondo hushuka kirahisi penye unyevu na kugoma inapokutana na pakavu. Kwenye kichanga haitakuambia kitu, chimba kwa mkono uone. Wateja wangu wa zamani wanajua kwamba nitauliza habari za nondo kabla sijagusa jani. Wageni huniona msumbufu, wakidhani nimekuja kuwaandikia dawa. Dawa ya nini, ikiwa udongo ni vumbi sentimita tano tu chini ya zulia la kijani?

Mwambao kuna balaa la ziada. Visima vingi vya huko vina chumvi. Ukimwaga maji ya chumvi kidogo kidogo kila siku, maji yanaruka na chumvi inabaki juu, ikijilimbikiza penye mizizi. Baada ya miezi miwili ncha za majani zinakuwa kahawia kama zilizopitiwa na moto. Mwenye bustani anadhani ni njaa ya mbolea, anaongeza yurea, na mbolea nayo huongeza chumvi udongoni. Hapo ndipo mmea unapokufa. Kama huna maji mengine, bora umwage mengi kwa mkupuo ili yaisukume chumvi chini, kisha upumzishe. Nyasi za jamii ya paspalamu huvumilia chumvi vizuri kuliko nyingi. Mwenye kisima kibaya aanze na hizo.

Wapo ambao “kila siku” inawafaa: miche iliyo kitaluni, mboga changa ambazo mizizi yake bado mifupi, na wenye umwagiliaji wa matone, kwa sababu tone linaloanguka sehemu moja kwa saa kadhaa hushuka chini badala ya kuruka. Hao siwagusi. Ninawagusa wenye mpira wa maji mkononi na simu sikioni, dakika tano, basi.

Kwenye miti kosa hilo hilo lina gharama kubwa zaidi, kwa sababu mti ulioupoteza umekula miaka yako. Mche wa mwembe au mwarobaini uliopandwa Machi ukipewa kikombe kila jioni utaonekana mzima hadi Agosti, kisha utanyauka ghafla. Mchimbie beseni la duara, mpe lita 20 kwa wiki, tandaza majani makavu juu, ila yasiguse shina, maana mchwa nao wana kiu. Kwa mti mkubwa, acha kabisa kumwaga maji kwenye shina. Mizizi myembamba inayonyonya maji iko nje, usawa wa ukingo wa kivuli na kuendelea. Shina halinywi.

Dhana: mti usio na majani umekufa, ukatwe mkaa

Hii inaniumiza. Miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma hupukutisha majani kiangazi ili kupunguza upotevu wa maji, na mingi huchipua majani mapya, mengine mekundu yanayong’aa, mvua ikiwa bado haijafika. Mbuyu hukaa mtupu kwa miezi. Mkababu, ambao watu wa misitu huuita Faidherbia albida, hufanya kinyume: una majani kiangazi na huyapukutisha mvua zikianza, ndiyo maana mahindi hustawi chini yake. Kabla ya kuchukua shoka, kwaruza gome la tawi dogo kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai. Kwaruza matawi kadhaa, si moja.

Dhana: nyasi zikiwa kahawia zimekwisha

Ukoka hulala. Majani yanakauka, lakini vikonyo vilivyo chini ya udongo viko hai, na mvua ya kwanza ikishuka utaziona siku chache baadaye. Kama maji ni ya shida, ziache zilale, usizikate fupi, usizipe yurea zikiwa usingizini. Nyasi za kikuyu ni za nyanda za juu, Nairobi na Arusha zinakaa vizuri; mtu aliyezipanda Dar es Salaam akalalamikia kiangazi amelaumu kisicho na hatia.

Dhana: ukimwagilia saa sita, matone yanaunguza majani kama lenzi

Hapana, kwenye majani ya kawaida hayaunguzi. Ubaya wa saa sita ni kwamba maji mengi yanapotea kabla ya kuingia ardhini. Maji ya chumvi ndiyo yanayounguza, na hayo yataunguza saa yoyote.

Dhana: masika ndiyo mvua kuu kila mahali

Shule ilitufundisha vuli na masika, basi kila mtu anapanda kwa kalenda ya shule. Dodoma na Singida hazina hizo mbili. Zina msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi. Ukambani nchini Kenya mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, na mkulima wa Makueni anayeweka nguvu zote kwenye masika anacheza kamari. Mbegu ya mahindi ya Katumani, iliyozaliwa kwenye kituo cha utafiti huko Machakos, inapendwa kwa sababu hukomaa mapema na kuliwahi jua kabla halijakaza. Siyo kwamba haihitaji maji. Ipande kwa kuchelewa uone.

Dhana: mvua ilitosha, kwa hiyo mahindi yameharibiwa na mbegu feki

Mbegu feki zipo. Lakini kabla ya kumshika muuza pembejeo, niambie mvua ilikatika lini. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na jumla hiyo inaweza kufika huku jua la wiki mbili tatu limepita Februari, wakati mahindi yanatoa mbelewele, lile ua la juu lenye chavua. Mmea wenye kiu huchelewesha ndevu za gunzi, zinazopokea chavua hiyo. Mbelewele inamwaga chavua, ndevu hazijatoka, na unavuna magunzi yenye mapengo. Mvua ya Machi haiwezi kujaza pengo hilo, hata ikinyesha usiku kucha. Mahindi yakisokota majani saa nane mchana, yanajihami tu. Yakiwa yamesokota saa moja asubuhi, hapo yameumia kweli, na kama una maji ya akiba, ya bwawa au ya kisima, wakati wake ni huo.

Kwa asiye na akiba, jibu ni kuyashika maji ya mvua pale pale yanapoanguka: mashimo ya Chololo, yaani mashimo madogo ya kupandia, yaliyochukua jina la kijiji cha huko huko Dodoma, au matuta yaliyofungwa kila baada ya hatua chache. Na nusu ya shamba iwe mtama au uwele. Najua mtaniambia habari za kweleakwelea. Ndege wanafukuzwa, jua la Februari halifukuziki.

Dhana: kiangazi ni hasara kwa kila zao

Waulize wa Mtwara na Lindi. Mikorosho hutoa maua kiangazi, na mvua ya wakati huo ndiyo inayowatia hofu. Mkahawa nao unakitaka kiangazi: vichomozo vya maua hulala wakati wa ukavu, kisha mvua nzuri ya kwanza ikiviamsha, shamba zima linakuwa jeupe ndani ya wiki mbili hivi. Ndiyo maana nawasihi wakulima wa Kilimanjaro wenye mifereji wasinyunyize kahawa kidogo kidogo miezi ya ukavu. Maua yatatoka kwa vipande, buni zitaiva kwa vipande, na utalipa wachumaji kuzunguka shamba lile lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Acha mkahawa mkubwa ukae mkavu kwa wiki kadhaa, kisha ufungulie maji ya kushibisha siku moja.