Je, wajua kwa nini mechi ya tenisi haiwezi tena kufika 70–68?

Tarehe 22 Juni 2010, Mmarekani John Isner na Mfaransa Nicolas Mahut waliingia kiwanja namba 18 cha Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, kucheza mechi ya raundi ya kwanza. Walitoka tarehe 24. Walikuwa wamecheza saa 11 na dakika 5, na seti (sehemu ya mechi inayohesabiwa kwa gemu) ya tano peke yake, iliyokuwa ya kuamua mshindi, ilikwisha kwa gemu 70–68 kwa Isner. Ubao wa matokeo uligoma ulipofika 47–47, maana waliouandalia programu hawakudhani kuna watu watakaovuka hapo.

Iliwezekanaje? Wakati ule Wimbledon ilitumia taibreki, yaani gemu fupi ya kuamua seti iliyofungana 6–6, katika seti zote isipokuwa ya mwisho. Katika seti ya tano, ilikuwa lazima umzidi mwenzako gemu mbili. Sasa, katika tenisi wachezaji hupokezana kuanzisha mpira gemu kwa gemu, na anayeanzisha ndiye mwenye faida, na Isner ana urefu wa sentimita 208: mpira wake ulishuka kama unatupwa kutoka ghorofani. Kupokea mipira ya wengine hakukuwa kipaji chake, na miguu yake haikuwa myepesi. Mahut naye siku hizo alianzisha vizuri ajabu. Kila mmoja akawa anashinda gemu yake, mwenzake anashinda yake, mpaka giza likaingia mara mbili. Mipira ya kuanzisha ambayo mpokeaji hakuigusa kabisa ilikuwa 113 kwa Isner na 103 kwa Mahut.

Isner mwenyewe alichelewa kuanza kulipwa. Wakati nyota wengi wanaingia kwenye tenisi ya kulipwa wakiwa bado vijana wadogo, yeye alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Georgia kwa miaka minne. Kwa maoni yangu alichagua vyema. Kijana anayeanza hujilipia tiketi, hoteli na kocha, na mara nyingi mashindano ya ngazi ya chini hayarudishi gharama. Chuo humpa ufadhili, kocha, mazoezi ya viungo na mechi za ushindani, na mwili mrefu kama ule unahitaji muda kukomaa. Mwaka 2007 Georgia ilitwaa ubingwa wa timu wa vyuo vya Marekani kwa kuifunga Illinois kwenye fainali. Majira hayohayo ya kiangazi Isner alipewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano ya Washington, akashinda mechi tano mfululizo, zote kwa taibreki ya seti ya tatu, kabla ya Mmarekani mwenzake Andy Roddick kumzuia fainali. Miaka iliyofuata alipanda hadi nafasi ya 8 duniani.

Katika kikosi kile cha Illinois alikuwamo Kevin Anderson wa Afrika Kusini, naye mrefu kupindukia. Wawili hawa waliokuwa wakipambana vyuoni walikutana tena nusu fainali ya Wimbledon mwaka 2018. Anderson alishinda 26–24 katika seti ya tano, baada ya saa 6 na dakika 36. Safari hii waandaaji walibanwa, kwa sababu nyota Novak Djokovic na Rafael Nadal walikuwa wakisubiri kiwanja hichohicho kwa nusu fainali ya pili, na mechi yao ikalazimika kumaliziwa kesho yake. Anderson aliingia fainali akiwa hoi, akafungwa na Djokovic seti tatu bila.

Miezi michache baadaye Wimbledon ilitangaza kuwa kuanzia 2019 seti ya mwisho ikifika 12–12 itaamuliwa kwa taibreki. Mashindano ya US Open yalikuwa na taibreki ya seti ya mwisho tangu 1970. Mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa yakakubaliana: seti ya mwisho ikifika 6–6, wa kwanza kupata pointi 10 kwa tofauti ya mbili ndiye mshindi.

Isner alistaafu kwenye US Open ya 2023. Mechi yake ya mwisho ya mchezaji mmoja mmoja, dhidi ya Michael Mmoh, ilifika 6–6 seti ya tano, akapoteza taibreki 10–7.