Pampu ya joto: kuchota joto la hewani kwa umeme wa jua

Jina lenyewe ndilo linaloanza kupotosha. Mtu akisikia "pampu ya joto" hufikiri ni mashine ya kusukuma maji ya moto kwenye mabomba. Siyo. Kinachopampiwa hapa ni joto lenyewe. Maji ya kisimani hayapandi juu bila kuvutwa, na joto nalo lina mteremko wake: hutoka penye joto kwenda penye baridi, wala halirudi kinyume bila nguvu. Pampu ya joto hutumia umeme kulipandisha mteremko huo. Hulichota kwenye hewa ya nyuzi 25 na kulimwaga kwenye maji ya nyuzi 50.

Friji yako inafanya kazi hiyohiyo kila siku. Weka mkono nyuma yake utasikia uvuguvugu: ni joto lililotolewa kwenye chakula. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa, upande wa baridi ukatazama nje na upande wa moto ukazungushwa kwenye tangi la maji. Ndani mna gesi inayochemka katika baridi kali. Feni huvuta hewa na kuipitisha kwenye koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi; gesi iliyo bado kimiminika ndani ya koili inachukua joto la hewa hiyo na kuwa mvuke. Kompresa inaubana mvuke, nao unapanda moto hadi kupita nyuzi 60. Mvuke huo unapita kwenye koili iliyozunguka tangi, unaachia joto lake kwa maji na kurudi kuwa kimiminika. Kisha kimiminika hicho kinapita kwenye valvu nyembamba, shinikizo linashuka, kinapoa ghafla, safari inaanza upya. Mashine ya kwanza ya aina hii haikutengenezwa kwa ajili ya kuoga. Mwaka 1856 Peter von Rittinger aliijenga Austria, kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee, ili kukausha maji ya chumvi.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji wati-saa 1.16. Tuseme familia ya watu wanne Nairobi inatumia lita 150 kwa siku, maji yanaingia yakiwa na nyuzi 20 na inayataka yafike 55. Hiyo ni 150 × 35 × 1.16, takriban wati-saa 6,100, yaani uniti 6.1 za joto. Hita ya kawaida yenye elementi (waya unaopata moto kwa umeme) italipia uniti zote hizo 6.1. Pampu ya joto yenye mgawo wa ufanisi wa 3, yaani inayotoa uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, italipia 2 tu, nyingine 4 zimetoka hewani. Mgawo huo haukai mahali pamoja. Hewa ikiwa ya joto unapanda, na kadiri unavyotaka maji yawe moto zaidi ndivyo unavyoshuka. Dar es Salaam, hewa ikiwa nyuzi 30 na maji ya bomba yakiwa na 28 tayari, mgawo wa 4 unawezekana, na lita zilezile 150 zitakula kama uniti 1.2. Ila tuseme ukweli: Dar watu wengi huoga maji yalivyotoka bombani, kwa hiyo kinachookolewa kwa shilingi ni kidogo. Pampu ya joto inajilipa haraka zaidi Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru na Nairobi, ambako mwezi wa Julai hakuna anayetaka kusikia habari ya maji ya baridi.

Sasa jua linaingiaje? Wengi wakisikia "sola ya maji" wanaona ile mirija ya kioo juu ya paa na tangi lake limelala juu. Hiyo ni teknolojia nyingine: jua linapasha maji moja kwa moja, bila umeme. Ni nzuri na ni rahisi. Kenya iliipa nguvu ya sheria mwaka 2012, ilipotunga kanuni za kutaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaweke mfumo wa jua. Inayoongelewa hapa ni njia ya pili: paneli za umeme juu ya paa, pampu ya joto chini.

Mtu anaweza kuuliza, kuna haja gani ya kuzunguka hivyo? Paneli ya umeme inageuza kama asilimia 20 tu ya jua kuwa umeme, mtambo wa mirija unakamata nusu au zaidi kuwa joto. Lakini umeme huo ukipita kwenye pampu yenye mgawo wa 3, asilimia 20 inazaa joto sawa na asilimia 60 ya jua lililopiga paneli. Mizani inalingana. Tofauti ni kwamba mirija, tangi likishajaa moto saa nane mchana, jua lililobaki linapotea, na hata linaweza kuchemsha maji hadi yamwagike kwa valvu. Paneli zinaendelea kulisha friji, taa na televisheni. Pia waya hauhitaji mteremko wala bomba lililofungwa sufi. Tangi linaweza kukaa jikoni hata kama paneli ziko ghorofa ya tatu.

Tangi ndilo betri. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa betri hawalitaji. Lita 200 zilizopandishwa kutoka nyuzi 28 hadi 60 zimehifadhi uniti 7.4 za joto, na tangi lililofungwa vizuri litapoteza kama uniti 1 kwa siku nzima. Maji yaliyofika 55 mchana yatakuwa bado 51 au 52 alfajiri. Kwa hiyo usipashe maji ya usiku kwa umeme uliohifadhiwa kwenye betri ya lithiamu. Weka saa ya mashine ianze saa nne asubuhi na ikome saa nane mchana, wakati jua ni kali na hewa imepata joto. Lita 150 zitamaliza kama saa tatu. Tumia saa iliyomo kwenye mashine yenyewe, si kifaa cha saa cha kuchomeka kwenye soketi: hicho kinakata umeme katikati ya mzunguko, na kompresa inayolazimishwa kuwaka tena kabla shinikizo halijatulia huungua. Sababu hiyohiyo inafanya kile kifaa cha kuchelewesha umeme tunachokiwekea friji kiwe cha lazima hapa, hasa mahali ambapo umeme unakatika na kurudi mara tatu kwa saa moja.

Kompresa ya nyumbani hula wati 500 hadi 700 ikiwa imeshika kasi. Paneli mbili za wati 550 zinatosha mchana wa jua. Weka tatu kama mna mawingu ya Juni hadi Agosti. Kosa la kawaida liko kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Kompresa ya kawaida inapowaka huvuta mara tatu hadi tano ya umeme wake kwa muda mfupi sana, na inveta ya wati 1000 itazima hapohapo. Chagua inveta ya wati 3000, yenye mawimbi laini kamili (pure sine wave), au nunua pampu ambayo kompresa yake hupanda kasi polepole. Inveta za bei ya chini zenye mawimbi ya ngazi hufanya mota ingurume, ipate moto na ife mapema.

Kosa la pili halionekani kwa macho, linaonekana kwenye bili. Karibu kila pampu ya joto ina elementi ya akiba ya wati 1500 au 2000. Ikiachwa kwenye hali ya "otomatiki", elementi inaweza kuwaka kila mtu anapooga kwa muda mrefu, na faida yote inayeyuka. Chagua hali ya pampu peke yake, weka joto kwenye 50 au 55, halafu mara moja kwa wiki lipandishe hadi 60 ili kuua bakteria wanaopenda maji ya uvuguvugu yaliyokaa. Siku hiyo waangalie watoto: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Valvu ya kuchanganya na maji baridi kwenye mlango wa kutokea wa tangi huondoa wasiwasi huo.

Mahali pa kuifunga pana umuhimu kuliko chapa. Mashine inatema hewa ya baridi; ukiifungia kwenye stoo ndogo itaanza kuvuta baridi yake yenyewe na mgawo utaporomoka. Veranda ya nyuma yenye kinga ya mvua ni bora kuliko chumba. Koili hutoa jasho, na Pwani jasho hilo hufika lita kadhaa kwa siku, basi pawe na mpira wa kulipeleka kwenye mtaro. Usiweke chini ya dirisha la chumba cha kulala. Feni na kompresa vina sauti.

Maji nayo yana mambo yake. Lita 150 zikipashwa kutoka 20 hadi 60 huongezeka kwa lita 2 na zaidi kidogo, na zisipopata njia tangi litapasuka. Valvu ya usalama lazima iwe na bomba wazi linaloelekea chini. Fundi anayeiziba kwa sababu "inadondosha maji" anatengeneza bomu. Mgao wa maji ni adui mwingine: tangi likiwa tupu na elementi ikawaka, inaungua ndani ya dakika chache. (Mirija ya kioo ina shida yake hapa: ikikauka juani halafu maji baridi yakarudi mchana, inapasuka.) Kwa anayetumia tangi la juu, kila mita 1 ya kimo huleta shinikizo la bar 0.1 tu, hivyo tangi lililo mita 2 juu ya bafu litatoa maji ya kudondoka hata mashine ikiwa ya bei gani. Na kama maji ni ya kisima cha chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar na Mombasa, fungua na kukagua fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi kila mwaka. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikiisha, zamu ni ya tangi.

Tangi lenye kompresa yake likisafirishwa kwa lori, liwe limesimama. Likilazwa, mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mabomba ya gesi, na mtu akiliwasha siku hiyohiyo kompresa inazunguka kavu. Lisimamishe saa 24 kwanza, ndipo ulichomeke.