Je, wajua? "Glamour" na sarufi ni neno moja

Ukilisikia neno "glamour", huenda ikakujia picha ya gauni refu linalometameta, zulia jekundu na kamera zinazomulika kila upande. Sarufi haimo kabisa katika picha hiyo. Sarufi ni vitenzi, viambishi na kalamu nyekundu ya mwalimu. Lakini ukifuatilia nasaba ya "glamour" na ya "grammar", yaani sarufi kwa Kiingereza, utakuta ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. Kilichowatenganisha ndugu hawa ni uchawi.

Tuanzie Ugiriki ya kale. "Gramma" ilikuwa herufi, nayo imetokana na kitenzi "graphein", kuchora au kuandika. Ufundi wa kusoma na kuandika ukaitwa "grammatike". Warumi wakalichukua neno, Wafaransa wakalirithi na kulifupisha kuwa "gramaire", Waingereza wakalipokea kwa Wafaransa. Hadi hapo hakuna la ajabu.

La ajabu lilitokea Ulaya katika zama za kati. Sarufi ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu yote, na ilimaanisha Kilatini. Kusema fulani anajua "gramaire" ilikuwa sawa na kusema fulani amesoma, basi. Sasa mtazame msomi huyo kwa macho ya jirani yake asiyejua hata herufi moja. Anajifungia na kitabu. Ananong'ona maneno ya lugha isiyoeleweka. Anatazama nyota, kisha anataja usiku ambao mwezi utapatwa, na kweli unapatwa! Isitoshe, vitabu vya wakati ule havikutenga sana elimu ya nyota, tiba na uaguzi. Taratibu neno la sarufi likaanza kubeba harufu ya elimu ya siri. Wafaransa wakalizaa "grimoire", kitabu cha kuitia mashetani. Waingereza wakawa na "gramarye", uchawi wa kitabuni.

Aliyelipa gharama ya fikra hizo ni Michael Scot, msomi wa Uskoti aliyeishi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Kazi yake kubwa aliifanya Toledo, Hispania, akitafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, vikiwemo vya Aristotle na fafanuzi za mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd. Baadaye akawa mnajimu wa Frederick II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi. Mtu wa kalamu kabisa. Lakini Dante, mshairi wa Italia, katika shairi lake kuhusu Jehanamu, alimweka pamoja na waaguzi ambao vichwa vyao vimegeuzwa vikaangalia mgongoni. Kwao Uskoti simulizi zikadai kwamba ni uchawi wake uliopasua kilima cha Eildon kikawa vilele vitatu.

Uskoti ndiko "r" ilikogeuka "l". Hilo si geni kwa wanaisimu: neno likiwa na "r" mbili zinazofuatana kwa karibu, ulimi hupenda kuibadilisha moja. "Arbor" ya Kilatini, yaani mti, imekuwa "árbol" kwa Kihispania. "Peregrinus", mgeni msafiri, alipitia mabadiliko hayo hayo hadi akawa "pilgrim" wa Kiingereza, hujaji. Hata Cambridge katika karne ya 13 palikuwa na ofisa aliyesimamia shule za sarufi akiitwa kwa Kilatini "magister glomeriae", na hiyo "glomeria" si kitu kingine ila sarufi iliyopinda ulimini.

Mnamo 1721 mshairi wa Uskoti Allan Ramsay aliliweka neno "glamour" katika faharasa ya mashairi yake. Alieleza kwamba mashetani, wachawi au wafanya mazingaombwe wanapoyadanganya macho, husemwa kuwa wametupa "glamour" juu ya macho ya mtazamaji. Maelezo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. "Glamour" haikuwa sifa ya kitu kinachotazamwa. Ilikuwa inatupwa kwenye macho ya anayetazama. Kwa ufupi, kilikuwa kiinimacho. Mshairi mwingine wa Uskoti, Robert Burns, naye, mwaka 1789, alizipanga "glamor" na "grammar" kama vina vya shairi moja, tena sarufi yenyewe akiiita sarufi nyeusi ya kuzimu.

Aliyelisambaza neno nje ya Uskoti ni mwandishi Walter Scott, kwa utenzi aliouchapisha mwaka 1805. Humo, kitabu cha uchawi kinatolewa katika kaburi la nani? La Michael Scot yule yule, mtafsiri wa Toledo. Kibwengo mmoja anakifungua, anawahi kusoma tamko moja tu, na tamko hilo lina nguvu za "glamour": bibi aonekane shujaa wa vita, utando wa buibui kwenye ukuta wa gereza uwe pazia la kasri, ganda la njugu liwe mashua ya dhahabu, kijana aonekane mzee na mzee kijana. Yote udanganyifu, anasema mshairi, hakuna hata chembe ya kweli.

Wapo waliowahi kulitafutia neno hili asili nyingine, Iceland. Katika simulizi za kale za huko kuna mzuka aitwaye Glámr, na ilisemwa kwamba mtu anayeona mambo yasivyo ameazimwa macho na Glámr. Dhana tamu, lakini wanaisimu wengi wanabaki na sarufi.

Katika karne ya 19 wachawi wakaanza kuliachia neno. Likabaki na maana ya mvuto usioelezeka: wa mahali pa mbali, wa enzi zilizopita, wa mtu. Halikuwa peke yake katika safari hiyo. "Charm" imetokana na "carmen" ya Kilatini, wimbo au maneno ya kuloga. "Prestige" imetokana na "praestigiae", mazingaombwe, ingawa leo waheshimiwa wanaoitafuta hawaonekani kujali.

Kisha ikaja Hollywood. Miaka ya 1930 studio zilikuwa na wapiga picha wa kutengeneza nyota, na maarufu zaidi alikuwa George Hurrell, aliyeanza kazi katika studio ya MGM mwaka 1930. Picha zile zilikuwa kazi ya taa na penseli. Taa kuu iliwekwa juu, mbele ya uso, ikachonga mashavu na kuacha chini ya pua kivuli kidogo chenye umbo la kipepeo. Mwigizaji Marlene Dietrich alipendeza sana kwa mwanga huo. Baada ya hapo negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo, ilikabidhiwa fundi, naye akaigusagusa kwa ncha ya penseli mpaka ngozi ikawa kama ya sanamu. Mwigizaji mwenzake Joan Crawford alikuwa na madoadoa mengi usoni, lakini kwenye picha zilizosambazwa huyaoni. Ramsay angeiona kazi hiyo angejua aiite nini. Mwaka 1939 likazinduliwa jarida la wanawake lililobeba neno hilo pamoja na jina la Hollywood, na uchawi wa kale ukasahaulika. Kitu kimoja tu kimebaki: Wamarekani, waliofuta "u" katika maneno mengi ya Kiingereza yenye mwisho kama huu, hapa kwa kawaida wameiacha.

Kutoka Hollywood neno limeingia katika lugha nyingi, kila moja ikilikata kwa kipimo chake. Wakorea hulitumia kwa mwanamke mwenye maungo yaliyojaa. Wajapani pia, na kwao kuna nyongeza. Kijapani hakitofautishi "r" na "l", kwa hiyo "glamour" huandikwa "guramā". Na sarufi, pale wanapotumia neno la Kiingereza badala ya lao la asili, nayo huandikwa hivyo hivyo, herufi kwa herufi.